Kumbukumbu za Kikao Kuhusu Madodoso Kumi na Saba ya Wakulima wa Nyanya

KIKAO CHA SITA CHA KAMATI YA TAALUMA NA MAADILI YA UTAFITI
IDARA YA UCHUMI WA KILIMO NA BIASHARA YA MAZAO

Tarehe: Jumatano, 14 Agosti
Mahali: Chumba cha mikutano cha Idara, ghorofa ya pili

Waliohudhuria:
1. Mkuu wa Idara – Mwenyekiti
2. Mhadhiri wa Takwimu – Mjumbe
3. Mhadhiri wa Masoko ya Mazao – Mjumbe (pia ni msimamizi wa tasnifu iliyojadiliwa)
4. Mwakilishi wa wanafunzi wa mwaka wa nne – Mjumbe
5. Afisa Taaluma – Katibu

Walioitwa:
1. Mwanafunzi wa mwaka wa nne, mwandishi wa tasnifu
2. Baba mzazi wa mwanafunzi, mfanyabiashara wa mazao

Wasiohudhuria:
1. Mhadhiri wa Ushirika (kwa taarifa, anauguza)
2. Mhadhiri wa Usimamizi wa Mashamba (bila taarifa, kwa mara ya tatu)

KUMB. NA. 1/6: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao saa 3:20 asubuhi badala ya saa 3:00, kwa kuwa Mhadhiri wa Masoko alikuwa hajafika na bila yeye akidi isingetimia. Alipofika alieleza kwamba alicheleweshwa na walinzi getini. Mhadhiri wa Takwimu alisema kwamba yeye alipita geti hilo hilo saa 2:40 na walinzi walimsalimia tu. Mwenyekiti aliomba kikao kiendelee.

KUMB. NA. 2/6: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA

Mhadhiri wa Masoko aliomba kwamba katika ukurasa wa tatu, palipoandikwa "alifoka", pasomeke "alisema kwa msisitizo". Mhadhiri wa Takwimu alisema hana pingamizi, mradi wote waliokuwepo wanakumbuka. Rekebisho lilikubaliwa na kumbukumbu zikathibitishwa.

KUMB. NA. 3/6: TUHUMA DHIDI YA TASNIFU

Mwenyekiti alieleza kwamba kikao kiliitishwa kwa jambo moja. Mwanafunzi aliyeitwa amewasilisha tasnifu inayouliza kwa nini wakulima wa nyanya huuza mazao yao shambani kwa bei ndogo ilhali soko lipo. Alihoji kaya themanini na nne katika vijiji vitano. Utetezi wa tasnifu umepangwa wiki mbili zijazo na mahafali ni wiki saba zijazo. Hata hivyo Mhadhiri wa Takwimu, aliyepewa tasnifu aikague, ameandika barua akidai kwamba madodoso kumi na saba, namba 57 hadi 73, ni ya kughushi.

Mhadhiri wa Takwimu aliweka madodoso hayo mezani na kueleza. Madodoso yote kumi na saba yanatoka katika kijiji kimoja, cha mwisho barabara inakoishia. Katika vijiji vingine vinne, swali la 14, linalohusu kipimo anachotumia mnunuzi, limejibiwa kwa kila namna. Kuna waliosema tenga linapandishwa kilemba, yaani nyanya hurundikwa juu ya ukingo na mkulima halipwi kwa lile rundo. Kuna waliosema mnunuzi huja na tenga lake kubwa. Mmoja alijibu kwa tusi, na mwanafunzi aliliandika kama lilivyo, jambo ambalo Mhadhiri alisema linampa heshima. Lakini katika kijiji hiki cha tano, watu wote kumi na saba wamejibu, "Tenga la kawaida, bila nyongeza, tumeridhika."

Alisema amefundisha takwimu miaka kumi na tisa. Watu kumi na saba wanaweza kulalamika kwa maneno yale yale, maana shida ni moja. Hawawezi kuridhika kwa maneno yale yale. Kwa maoni yake mwanafunzi hakufika kijiji hicho, bali alikaa mahali kivulini na kalamu yake akajijazia. Aliongeza kwamba njia ya mwongo ni fupi.

Mhadhiri wa Masoko alisema kwa msisitizo kwamba anamfahamu mwanafunzi huyu tangu mwaka wa kwanza, na kwamba wapo watu katika Idara ambao hawajawahi kukanyaga shamba la nyanya lakini wanajua mkulima anaweza kusema nini na hawezi kusema nini. Mwenyekiti aliwakumbusha wajumbe kuzungumza kupitia Kiti.

KUMB. NA. 4/6: MAELEZO YA MWANAFUNZI

Mwanafunzi aliitwa ndani saa 3:50 akiwa na baba yake, kama kanuni inavyoruhusu. Baba mzazi alikaa kiti cha karibu na mlango. Alipoambiwa asogee mezani alisema hapo panamtosha.

Mwanafunzi alieleza kwamba alifika kijiji hicho na kukaa siku nne. Alitaja nyumba aliyolala, kisima, na mkulima ambaye ng'ombe wake alikuwa amevunjika mguu wiki hiyo. Alisema aliwahoji wote kumi na saba mwenyewe, ana kwa ana, na kila mmoja aliacha namba yake ya simu chini ya dodoso.

Mwenyekiti alimuuliza alikifikiaje kijiji hicho, kwa kuwa barabara yake inajulikana. Mwanafunzi alijibu kwamba alikwenda kwa gari la baba yake. Alisema baba yake ndiye mnunuzi wa nyanya katika kijiji hicho kwa miaka ishirini na moja, na kwamba hakuna mnunuzi mwingine anayefika huko mara kwa mara.

Mhadhiri wa Takwimu aliuliza kama jambo hilo limeandikwa popote katika tasnifu. Mwanafunzi alijibu kwamba alimweleza msimamizi wake kabla ya kwenda. Mhadhiri wa Masoko alikiri kwamba aliambiwa, na kwamba alimjibu, "Hiyo ni bahati, utapokelewa vizuri." Hakuona haja ya kuliandika. Aliuliza kama ni lazima maneno hayo yaingie kwenye kumbukumbu. Mwenyekiti alisema ni lazima.

Mwenyekiti alimuuliza mwanafunzi kama yeye mwenyewe hakushangazwa na majibu yanayofanana. Mwanafunzi alisema maneno yafuatayo, ambayo Katibu ameyaandika kama yalivyosemwa:

"Sikushangaa, nilifurahi. Katika vile vijiji vinne nimeambiwa mambo ya wanunuzi mpaka nikawa silali vizuri. Nilikuwa naogopa kufika kijiji cha baba. Nilipofika, wa kwanza akasema ameridhika, wa pili ameridhika, wa tatu hivyo hivyo. Nikasema moyoni, kumbe baba yangu si kama wale. Sikuuliza zaidi. Hapo ndipo nilipokosea, lakini sikuandika uongo."

Mwakilishi wa wanafunzi alisema kwamba darasa zima linamfahamu mwenzao kuwa mtu wa kuuliza maswali mpaka walimu wanaangalia saa, na kwamba si mtu wa kujijazia madodoso.

Mhadhiri wa Takwimu alipendekeza namba za simu zijaribiwe hapo hapo. Alisema ikiwa watu wapo, watapokea.

Baba mzazi alisimama na kuomba kusema. Alisema hao ni watu wa shamba, saa hizi wapo kazini, na si vizuri kuwasumbua kwa mambo ya chuo. Mhadhiri wa Takwimu alijibu kwamba hata mkulima hupumzika kunywa maji. Baba mzazi alisema, "Basi mwalimu, nipeni mimi nipige, wananijua." Mwenyekiti alimshukuru na kumwomba akae.

KUMB. NA. 5/6: MAZUNGUMZO YA SIMU NA MKULIMA NAMBA 61

Namba ya dodoso la 57 haikupatikana. Za 58 hadi 60 ziliita bila kupokelewa. Mwenyekiti alipiga namba ya dodoso la 61 saa 4:25 kwa simu yake mwenyewe, ikiwa mezani na sauti imefunguliwa. Alipokea mwanamke. Mwenyekiti alijitambulisha, alimweleza kwamba kuna watu wanaosikiliza, na alimuuliza kama anaridhia. Alisema, "Wasikilize tu mama, mimi sina siri, nina nyanya."

Mwenyekiti alimuuliza kama anamkumbuka binti aliyewahoji. Mkulima alisema anamkumbuka sana, alikuja na daftari, akakaa siku nne, akamsaidia hata kuchambua nyanya. Kwa hiyo ilithibitika kwamba mwanafunzi alifika. Mwenyekiti alitaka kumshukuru na kukata simu, lakini Mhadhiri wa Takwimu aliomba swali moja zaidi. Mazungumzo yaliyofuata yanaandikwa kwa ukamilifu kwa maelekezo ya Kiti:

Mhadhiri wa Takwimu: "Mama, ulisema tenga ni la kawaida na umeridhika. Ndivyo ilivyo?"

Mkulima: "Ndivyo nilivyosema."

Mhadhiri wa Takwimu: "Nauliza kama ndivyo ilivyo."

Mkulima: "Heee. Sasa mwalimu, hapo umeniweka pabaya. Binti hajambo lakini? Amefaulu?"

Mwenyekiti: "Bado. Ndiyo tunalijadili hilo."

Mkulima: "Maana sisi tulitaka afaulu. Tuliambiwa mtoto anakuja na mtihani wake, tukijibu vibaya ataanguka. Tukapewa na maneno ya kujibu. Tenga la kawaida, bila nyongeza, tumeridhika. Mume wangu akawa anayarudia kama mtoto wa darasa la kwanza, asije akasahau."

Mwenyekiti: "Mliambiwa na nani?"

Mkulima: "Na Kilemba."

Mwenyekiti: "Kilemba ni nani?"

Mkulima: "Si baba yake huyo binti! Mnunuzi wetu. Sisi tunamwita Kilemba kwa sababu ya lile rundo lake. Mbele yake hatumwiti, tunamwita mzee. Alipita nyumba kwa nyumba wiki moja kabla. Kwani binti hajui?"

Katibu aliona kwamba mwanafunzi hakugeuka kumtazama baba yake. Baba mzazi alivua kofia akaiweka magotini.

Mwenyekiti alimuuliza mkulima kwa nini walikubali. Mkulima alijibu, "Mama, mwenye nguvu mpishe. Akisusa kuja, nyanya zangu nitazila mwenyewe? Lakini nisimseme vibaya tu, nitakuwa mnafiki. Mwaka ule barabara ilipokatika, wote walituacha. Yeye alikuja na wapagazi wakabeba kichwani mpaka ng'ambo ya mto. Kilemba chake alikichukua hata mwaka ule, lakini alikuja. Mtu huwa na pande zake."

Mwanafunzi aliomba kuzungumza. Mwenyekiti aliruhusu. Mwanafunzi aliisogelea simu.

Mwanafunzi: "Shikamoo mama."

Mkulima: "Marahaba. Nani huyo?"

Mwanafunzi: "Ni mimi. Wa daftari."

Mkulima: "Uwiii! Mwanangu, ulikuwepo muda wote huo?"

Mwanafunzi: "Nilikuwepo. Usijali mama. Nina swali moja. Tenga la soko linachukua ndoo nne. La baba linachukua ngapi?"

Mkulima: "Mwanangu, hayo muulize baba yako."

Mwanafunzi: "Nitamuuliza. Sasa nakuuliza wewe."

Mkulima: "Sita. Ukilitikisa, sita na kibakuli."

Mwanafunzi alimshukuru na kumtakia kazi njema. Mkulima alisema, "Usinichukie." Mwanafunzi alisema hamchukii mtu. Simu ilikatwa saa 4:41.

Mwenyekiti alitoa mapumziko ya dakika kumi. Hakuna aliyetoka chumbani isipokuwa Mhadhiri wa Masoko, aliyerudi akiwa na chupa ya maji na kuiweka mbele ya mwanafunzi.

KUMB. NA. 6/6: MAELEZO YA BABA MZAZI

Baba mzazi aliomba kuzungumza kabla ya wajumbe kujadili. Alisogea mezani, ila hakukaa.

Alisema kwamba aliyoyasema mkulima ni kweli, na kwamba hata jina linamfaa, ingawa alikuwa halijui. Alisema biashara aliikuta hivyo. Aliyemfundisha kazi alimwambia kwamba barabara inakula gari, dalali wa sokoni anakula asubuhi, zinazooza zinakula jioni, na kilemba ndicho kinachobaki cha kumlisha mnunuzi. Hakuwahi kukipima. Alisema wanawe wanne wamekula, wamevaa na wamesoma kwa biashara hiyo, na huyu wa mwisho ndiye wa kwanza kufika chuo kikuu.

Alieleza kwamba binti alipochagua masomo ya uchumi wa kilimo, yeye alifurahi kuliko mtu yeyote, akidhani atarudi amsaidie kazi. Binti akawa anarudi likizo na maswali. Bei hii imetoka wapi? Kwa nini mkulima hajui bei ya sokoni? Tenga hili lina ujazo gani? Alisema, "Nilikuwa namwambia ale chakula kinapoa."

Mwenyekiti alimuuliza kwa nini alipita kwa wakulima. Baba mzazi alijibu:

"Mama mwenyekiti, mimi sikuogopa chuo. Chuo hakinunui nyanya. Niliogopa mwanangu asije akanisoma kwenye karatasi za watu. Aende nyumba kumi na saba, na kila nyumba aambiwe baba yako ni mwizi, na siku ya mwisho apande gari langu turudi naye? Tungeongea nini njiani? Nikasema bora waseme wameridhika, aandike, afaulu, yaishe. Sikujua kwamba namwandikia uongo kwa mkono wake mwenyewe."

Aliomba kamati imwadhibu yeye kwa namna yoyote, isimwadhibu mtoto. Mwenyekiti alieleza kwamba kamati haina mamlaka juu ya wafanyabiashara wa nyanya. Baba mzazi alisema, "Basi ndiyo tabu hiyo," na kurudi kwenye kiti cha karibu na mlango.

KUMB. NA. 7/6: MJADALA

Mhadhiri wa Takwimu alieleza kwamba anaondoa tuhuma ya kughushi dhidi ya mwanafunzi, na aliomba neno hilo lifutwe katika kumbukumbu. Katibu alieleza kwamba neno lililotamkwa haliwezi kufutwa, ila kuondolewa kwake kunaweza kuandikwa. Mhadhiri wa Takwimu alisema basi iandikwe pia kwamba alikosea na kwamba anamwomba mwanafunzi radhi. Imeandikwa.

Hata hivyo alisisitiza kwamba data zenyewe hazifai. Majibu yaliyopangwa si majibu.

Mhadhiri wa Masoko alipendekeza madodoso kumi na saba yaondolewe, tasnifu ibaki na kaya sitini na saba, na utetezi ufanyike kama ulivyopangwa. Alisema sitini na saba ni idadi ya kutosha, na kwamba lau angeandika mapema uhusiano wa mwanafunzi na mnunuzi, jambo hili lingeonekana mwaka jana. Alisema kosa hilo ni lake na si haki mtoto alipe kwa mahafali yake.

Mhadhiri wa Takwimu alisema kwamba hata kwa kanuni za takwimu inawezekana. Mwenyekiti aliuliza kama hiyo ina maana wajumbe hao wawili wanakubaliana. Wote wawili walisema inategemea.

Mwakilishi wa wanafunzi aliunga mkono pendekezo hilo. Alisema darasa limekwisha kushona sare za siku ya mahafali na mwenzao ndiye aliyechagua kitambaa.

Baba mzazi alinyoosha mkono. Alisema, "Hilo la kuondoa ni zuri. Nimeshawaalika ndugu zake wote."

Mwenyekiti alisema kabla ya kura angependa kumsikia mwanafunzi. Mwanafunzi alisimama. Alisema hakubaliani na pendekezo.

Alieleza kwamba akiondoa kijiji cha tano, tasnifu itakuwa na vijiji vinne ambako wanunuzi wanapandisha kilemba, na kijiji kimoja kimetoweka bila sababu. Kila atakayesoma ataona wanunuzi wabaya wa vijiji vinne. Mmoja hataonekana, na huyo mmoja ndiye aliyemlipia ada. Alisema, "Nikifanya hivyo, hata mimi nitakuwa nimepandisha kilemba." Aliomba muda arudi kijijini kuwahoji upya.

Mhadhiri wa Masoko alimweleza kwa upole kwamba wakulima hao hawana nyanya za kuvuna kwa sasa, tenga haliwezi kuonekana likipimwa mpaka msimu ujao wa mavuno, ambao ni miezi mitatu na nusu mbele, na maana yake ni kukosa mahafali ya mwaka huu. Mwanafunzi alisema anajua kalenda ya nyanya. Katibu anaandika kwamba hapa alifungua ile chupa ya maji, na kwamba Mwenyekiti alisubiri mpaka alipomaliza kunywa.

Mwanafunzi aliongeza kwamba dodoso lake lina kasoro nyingine ambayo hakuiona mpaka leo. Aliwauliza wakulima kuhusu wanunuzi, lakini hakumuuliza mnunuzi hata mmoja. Asubuhi hii ndiyo mara ya kwanza amemsikia mnunuzi akieleza fedha ya kilemba inakwenda wapi, na mnunuzi huyo ameishi naye nyumba moja miaka ishirini na tatu.

Mhadhiri wa Takwimu alisema hiyo ndiyo sentensi bora aliyoisikia katika kamati hii tangu iundwe. Mhadhiri wa Masoko alisema anakubali.

Mwenyekiti alimgeukia baba mzazi na kumuuliza kama ana neno. Baba mzazi alimuuliza binti yake, si kamati, "Ndugu zako nitawaambia nini?" Mwanafunzi alijibu, "Waambie sijamaliza kuuliza, baba."

Baba mzazi alisema atawaambia hivyo.

KUMB. NA. 8/6: MAAZIMIO

Baada ya majadiliano, kwa kura nne dhidi ya sifuri, kamati iliazimia yafuatayo.

Tuhuma ya kughushi imeondolewa na haitaingia katika faili la mwanafunzi. Madodoso namba 57 hadi 73 hayatatumika. Utetezi umeahirishwa, na mwanafunzi atarudia mahojiano katika kijiji cha tano wakati wa mavuno, pamoja na kuandaa dodoso jipya la wanunuzi. Uhusiano wake na mnunuzi wa kijiji hicho utaelezwa katika sura ya tatu bila kuficha kitu.

Atasafiri kwa gari la Idara. Katibu aliarifu kwamba gari hilo halina tairi la akiba. Mwenyekiti aliagiza lipatikane.

Msimamizi amepewa onyo la maandishi kwa kutoandika uhusiano huo. Mhadhiri wa Masoko alisema analipokea.

Lilizuka suala la baba mzazi awe wapi siku za mahojiano. Mhadhiri wa Takwimu alipendekeza asiwepo kijijini kabisa. Mhadhiri wa Masoko alisema asipokuwepo wakati wa mavuno nyanya zitaoza na hakutakuwa na wa kuhojiwa wala cha kuhojiwa. Mwanafunzi aliulizwa. Alisema, "Awepo, afanye kazi yake kama kawaida. Ila kabla sijafika apite tena nyumba zile zile kumi na saba, awaambie wajibu wanavyojua wao." Baba mzazi aliulizwa kama ataweza. Alisema kupita mara ya kwanza kulikuwa rahisi, lakini atapita.

KUMB. NA. 9/6: MENGINEYO

Mwakilishi wa wanafunzi aliomba mwanafunzi aruhusiwe kuhudhuria mahafali ya wenzake na sare yake, kama mgeni. Mwenyekiti alisema mgeni hahitaji ruhusa ya kamati.

KUMB. NA. 10/6: KUFUNGA KIKAO

Mwenyekiti aliwashukuru wajumbe kwa uvumilivu na kumshukuru baba mzazi kwa kukaa mpaka mwisho ingawa mlango ulikuwa karibu naye. Kikao kilifungwa saa 6:35 mchana.

NYONGEZA ILIYOINGIZWA WAKATI WA KUTHIBITISHWA

Kumbukumbu hizi zilithibitishwa katika kikao cha tisa, baada ya vikao viwili kukosa akidi. Mwenyekiti aliagiza matokeo yaandikwe hapa ili jambo lisomeke mahali pamoja.

Mwanafunzi alirudi kijiji cha tano wakati wa mavuno na kukaa siku sita. Kati ya wakulima kumi na saba, kumi na wanne walibadili jibu la swali la 14. Wawili walikataa kuhojiwa tena. Mmoja alirudia jibu lake la awali neno kwa neno na kusema ni la kwake, hakupewa na mtu; limeandikwa. Wote kumi na watano waliohojiwa walithibitisha kwamba mnunuzi alipita nyumbani kwao kabla ya mwanafunzi na kuwaambia wajibu wanavyojua. Watatu walisema walidhani anawatega.

Wanunuzi tisa wa vijiji vitano walihojiwa. Mhadhiri wa Takwimu alikagua tasnifu kwa mara ya pili na kuandika ukurasa mmoja na nusu wa masahihisho, ambao Mhadhiri wa Masoko aliuita wa haki. Mwanafunzi alitetea tasnifu na kufaulu. Atahitimu na darasa lililo nyuma yake.

Kuhusu tenga, mnunuzi wa kijiji cha tano ameendelea kununua kwa tenga lake mwenyewe. Tangu msimu huo analijaza mpaka ukingoni na kilemba amekiacha, ila bei ya tenga ameishusha kidogo. Wakulima wamegawanyika kama wamepata nafuu au hapana. Mwanafunzi ameliandika hilo pia, katika ukurasa wa 71, bila kuegemea upande.

Kwa idhini ya mhusika, kamati iliagiza jibu moja la dodoso la wanunuzi liingizwe hapa. Ni la mnunuzi wa kwanza kuhojiwa, mwanamume, miaka hamsini na nane. Swali la mwisho liliuliza kama ana jambo la kuongeza. Alijibu:

"Aliyenihoji ni mwanangu. Aliniuliza kama mgeni, nami nikamjibu kama mgeni, saa mbili nzima. Alipofunga daftari akaniita baba. Tukaenda kula."

Imethibitishwa kuwa kumbukumbu sahihi:

.................................
Mkuu wa Idara, Mwenyekiti

.................................
Afisa Taaluma, Katibu